UZI: Legacy BP5 GT spec.B inagonga mbele, skrini inajizima kwenye mashimo. Tupime kabla ya kununua spea

#1 Tuta_Kimya (Dar)

Wakuu salaam. Gari ni Subaru Legacy BP5 GT spec.B ya 2005, gia za mkono, shokapu za Bilstein, rimu inchi 18, tairi 215/45. Dalili ni hizi:

Mbele kulia kuna "kong kong" kwenye rasta na vishimo vidogo, mwendo wa 20 hadi 40. Kwenye tuta kubwa inapita kimya kabisa. Ukikata usukani gari ikiwa imesimama kuna mlio wa "kwiii". Tairi za mbele zimeliwa upande wa ndani.

Kwenye dashibodi kuna redio ya Android ya inchi 9. Inajizima na kuwaka upya gari ikiingia shimo. FM ni kelele tupu ukitoka mjini kidogo. Gari ikilala siku 2, asubuhi haiwaki. Halafu kila ukiwasha kuna mama wa Kijapani anatoa tangazo, na sauti haitoki kwenye hiyo Android.

Fundi wa kwanza anataka shokapu zote nne na wishboni mbili (mikono ya chini inayoshika magurudumu). Wa pili anataka betri mpya. Bado sijanunua kitu.

#2 Spana_19

Vizuri hujanunua. Shokapu nne hapo ni kubahatisha kwa pesa yako.

Kelele ya vishimo vidogo inayopotea kwenye tuta kubwa ni ya kitu chenye nafasi ndogo ya kucheza. Shokapu iliyokufa kwa kuvuja mafuta haigongi hivyo. Gari inayumba, pua inazama ukishika breki, na baada ya tuta inaendelea kudunda. Kwako haidundi. Kwa hiyo washukiwa, kwa mpangilio wa bei ya kuwapima: linki za stabilaiza (ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), boljointi (kiungo cha duara mwisho wa wishboni), bushi ya nyuma ya wishboni, maunti ya juu ya shokapu (kikalio chake kwenye bodi), na mwishoni Bilstein yenyewe, ambayo ina ugonjwa wake wa pekee. Nitaufikia.

Anza na linki kwa sababu kipimo chake ni cha bure. Kwenye Subaru hii linki ya mbele inashika wishboni, haishiki mwili wa shokapu kama Toyota nyingi. Nyanyua pua nzima magurudumu yote mawili yawe hewani kwa usawa, weka stendi, usitegemee jeki peke yake. Ukinyanyua upande mmoja tu, fimbo ya stabilaiza inajikaza na inaficha ulegevu wa linki. Shika linki utikise kwa mkono. Kama huna uhakika, fungua linki zote mbili za mbele, fimbo uifunge pembeni na waya isigonge kitu, kisha pita kwenye rasta zile zile kwa mwendo ule ule. Kelele ikipotea, ni linki au raba za fimbo. Ikibaki, umeshaondoa washukiwa wawili bila kutoa shilingi. Usikimbize gari ikiwa hivyo, italala sana kwenye kona.

Boljointi: gurudumu likining'inia hewani, shika tairi saa 12 na saa 6, tikisa. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki huku unaendelea kutikisa. Mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boljointi. Ikicheza saa 9 na saa 3, ni tairodi endi au stiaring raki, vile vya usukani.

Bushi ya nyuma ya wishboni haipimwi kwa mikono. Ingiza mtaimbo kati ya wishboni na fremu, sukuma mbele na nyuma, angalia raba. Nyufa ndogo za juu ni uzee tu. Raba iliyoachana na chuma ndiyo iliyokufa. Njia nyingine: gari chini, mtu aende mbele hatua moja na kushika breki, kisha rivasi na breki, wewe umekaa pembeni ukiangalia nafasi kati ya tairi na mdomo wa fenda. Gurudumu likirudi nyuma waziwazi kila breki, umempata.

#3 NaiBoksa

Niongeze hapo kwa "kwiii". Funika mkono na glavu, uweke juu ya springi ya mbele kulia, mtu azungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho polepole. Springi inatakiwa izunguke taratibu pamoja na usukani. Ikikwama halafu ikaruka kwa kishindo, beringi ya maunti imekauka. Vidole visiingie katikati ya koili, tafadhali.

Hiyo haihusiani na kong kong. Unaweza kuwa na magonjwa mawili upande mmoja, na hapo ndipo watu wanapotezwa: wanabadilisha maunti, kwiii inaisha, kong kong inabaki, wanasema spea ni feki.

#4 Spana_19

Sasa Bilstein. Za mbele kwenye spec.B zimepinduliwa. Kwenye shokapu ya kawaida fimbo nyembamba ndiyo inayoingia na kutoka. Hizi, kinachoteleza ni bomba nene lenye gesi na mafuta ndani yake, linapanda na kushuka ndani ya mwili wa nje, likishikiliwa na bushi mbili. Katikati kuna grisi. Faida yake ni ugumu kwenye kona, bomba nene halipindi kirahisi. Hasara ni kwamba grisi ikikauka au ikasombwa na maji na vumbi, bomba linagonga bushi. Na linagonga wapi? Kwenye vishimo vidogo, mwendo mdogo. Kwenye tuta kubwa mzigo unalibana upande mmoja, linateleza kimya.

Kwa hiyo shokapu inaweza kuwa nzima kabisa kwa kazi ya kuzuia mdundo na bado ikapiga kelele. Watu wengi wanazitupa hapo. Zinatolewa, zinasafishwa, zinatiwa grisi.

Kazi yenyewe. Kabla ya kulegeza chochote piga alama. Bolti mbili zinashika shokapu kwenye habu, na ile ya juu ina kichwa cha duara lisilo katikati, ndiyo inayorekebisha kemba, yaani tairi kulala ndani au nje. Kwaruza mstari kwa msumari kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye shokapu. Usipoweka alama utarudi na gari inayovuta. Fungua klipu ya bomba la breki na waya wa ABS, usiache kaliper ining'inie kwa bomba. Bolti za habu zikitoka, nati tatu za juu kwenye bodi ndizo za mwisho, na mtu awe ameshika chini.

Springi ibanwe kwa vibanio viwili vilivyolingana, kila kimoja zamu ya nusu mzunguko. Springi iliyobanwa ni bunduki, usisimame mbele yake. Ikishatoka, chini ya mwili wa shokapu kuna nati inayoshika mwisho wa fimbo ya ndani. Ifungue, bomba lote linachomoka juu. Futa grisi ya zamani yote, mpaka nyeupe ya kitambaa ibaki nyeupe. Kisha uangalie bomba kwenye mwanga. Likiwa laini na kung'aa, endelea. Likiwa na mikwaruzo ya urefu au kromu imebanduka, simama hapo. Grisi mpya itakaa mwezi mmoja tu, kwa sababu ukwaruzo unakula bushi.

Paka grisi ya sintetiki isiyosombwa na maji kwenye bushi na kwenye bomba, safu ya kutosha lakini usijaze shimo zima. Ukijaza, hewa na grisi zinakosa pa kwenda, bomba linagoma kushuka na sili inasukumwa nje. Raba ya vumbi ikiwa imechanika badilisha siku hiyo hiyo, maana ndiyo iliyoruhusu ugonjwa uingie.

Kufunga: nati tatu za juu ni ndogo, Nm 20 tu (kipimo cha nguvu ya kukaza), watu wanazikata kwa kuzikaza kama za gurudumu. Bolti za habu ni Nm 175. Gurudumu karibu 100, kwa torki renchi, si kwa kurukia spana.

#5 Mzee_wa_Mikumi

Fundi umeeleza vizuri, ila mimi nina hoja. Kwa barabara zetu, kwa nini asitoe hizo Bilstein akafunga shokapu za KYB za GT ya kawaida? Za kawaida hazijapinduliwa, hazidai grisi, na zinapatikana.

#6 Spana_19

Mzee, inawezekana, lakini si kwa kuchukua shokapu peke yake. Shokapu na springi ni ndoa. Springi ya spec.B juu ya shokapu iliyopangwa kwa springi nyingine inakupa gari inayodunda au inayogonga kizuizi. Ukihama, hama na seti: shokapu, springi, maunti na raba za vumbi, mbele na nyuma, kutoka gari moja. Na ukinunua za mtumba kutoka Japani, geuza uangalie upande wa chini. Gari za kaskazini kule, Hokkaido na jirani zake, zinatembea kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kikombe cha springi kinaliwa na kutu mpaka kinatoboka, na juu pamepakwa rangi nyeusi inang'aa. Gonga kwa bisibisi, usisikilize muuzaji.

Kwake yeye, kama bomba ni safi, kutia grisi ni kazi ya siku moja. Asihame kabla hajafungua.

#7 NaiBoksa

Kitu kimoja kinachoua bushi mpya mapema kuliko barabara. Bushi za wishboni ni raba iliyogandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje. Haizunguki, inajisokota. Fundi akifunga wishboni gari ikiwa juu ya jeki na akakaza bolti kabisa, raba imekazwa katika mkao wa gurudumu kuning'inia. Ukishusha gari, raba inaishi imesokotwa maisha yake yote, gari ikiwa imesimama tu. Miezi michache imechanika, lawama kwa muuzaji wa spea wa Kirinyaga Road, Nairobi.

Weka bolti, zifike tu. Shusha gari kwenye tairi zake, au weka tairi juu ya mbao, bonyeza gari juu chini mara kadhaa ijikalie, ndipo ukaze kwa torki. Hiyo ni kwa bushi zote za aina hii, mbele na nyuma.

#8 Dereva_wa_Foza

Samahani kuingilia uzi. Forester SG5 XT imeketi nyuma kama imebeba mchanga, ukiweka watu watatu inagusa. Hakuna kelele. Ni springi?

#9 Spana_19

Mkuu, kwanza angalia kama za nyuma ni zile zinazojiinua zenyewe. Ndani yake kuna pampu inayoendeshwa na mwendo wa gurudumu; gari ikibebeshwa mzigo na kutembea, inajisukuma juu taratibu. Zikivuja, haziinui tena, na springi zake zilitengenezwa laini kwa sababu shokapu ndiyo ilikuwa inabeba sehemu ya uzito. Ndiyo maana inaketi.

Ukibadilisha kwa shokapu za kawaida lazima ununue na springi za kawaida za nyuma. Shokapu mpya juu ya springi zile laini, gari itaendelea kuketi na utadhani umeibiwa. Na vile vipande vya raba vya kuinulia wanavyoingiza kati ya koili, acha. Springi inafanya kazi kwa koili chache, inavunjika.

#10 Waya_Mwekundu

Nimeisubiri zamu ya dashibodi. Tuta_Kimya, nijibu maswali matatu kabla sijasema lolote.

Ukichomoa funguo, skrini inazima yenyewe au unaizima kwa kitufe?
Kwenye betri pameandikwa namba gani?
Kuna kisanduku kidogo chenye taa na namba kimefungwa karibu na usukani?

#11 Tuta_Kimya

Naizima kwa kitufe, nikiiacha inaendelea kuimba. Betri imeandikwa 46B24L. Kisanduku kipo, kinaonyesha namba halafu injini inazima baada ya muda.

#12 Waya_Mwekundu

Umeshajitibu nusu.

Skrini ambayo haizimi funguo zikitoka ina maana waya wa njano na mwekundu vimesokotwa pamoja kwenye umeme wa moja kwa moja. Njano ni kumbukumbu, inatakiwa iwe na volti 12 muda wote. Nyekundu ni ya ACC (hatua ya funguo inayowasha redio kabla ya injini), inatakiwa ife funguo zikitoka. Ukizima kwa kitufe unazima mwanga wa skrini tu. Kompyuta ndani inaendelea kunywa. Aliyefunga alifanya hivyo kwa sababu moja kati ya mbili: alikosa kuupata waya wa ACC, au aliupata ukiwa umekufa. Weka swichi kwenye ACC ujaribu tundu la kiberiti. Kama halifanyi kazi, tafuta fyuzi iliyokatika kwanza, sarafu au chaja mbovu iliyozamia humo inatosha kuikata.

Kisanduku ni turbo taima. Inachelewesha injini kuzima ili mafuta yaendelee kupoza turbo. Shida ni jinsi ilivyokatiza waya za swichi ya funguo. Zikilegea, taima inaacha laini ya ACC ikiwa hai au inakata katikati. Kama unapoa mwenyewe kwa kuendesha taratibu dakika ya mwisho kabla ya kufika, iondoe na urudishe waya za swichi kama zilivyotoka kiwandani.

Mama wa Kijapani ni kifaa cha ETC, cha kulipia barabara za kulipia za Japani. Anakwambia kadi haijawekwa. Spika yake ni ya kwake, ndiyo maana redio haihusiki. Kiko chini ya dashibodi au ndani ya boksi la glavu, na antena ndogo iko kwenye kioo cha mbele. Fuata waya, chomoa soketi, insulisha. Huku hakina kazi yoyote.

Sasa betri. 46B24L ina vichwa vyembamba. Gari hii inakuja na saizi ya D23, vichwa vinene. Fungua bonneti uangalie: nina hakika kuna bati, waya wa shaba au msumari umechomekwa ili kibanio kikaze. Ungekuwa na B24 yenye herufi S mwishoni, LS, vichwa vingekuwa vinene, ila bado uwezo ni mdogo na kiti chake hakilingani. Betri ikicheza kwenye kiti na kibanio kikilegea, kila shimo ni kukatika kwa umeme kwa sekunde ndogo. Taa hazionyeshi. Injini haizimi kwa kuwa oltaneta inaendelea. Skrini ndiyo inayoona kwanza.

Usiniamini, pima. Taa kubwa zikiwaka na injini imezimwa, multimita kwenye volti: ncha moja juu ya risasi ya kichwa cha betri chenyewe, nyingine kwenye kibanio kilichokishika. Isome karibu na sifuri. Tikisa kibanio. Ikiruka juu ya volti 0.1, hapo ndipo penye shida. Rudia kati ya hasi ya betri na bodi, kisha kati ya hasi ya betri na kasha la redio.

#13 Waya_Mwekundu

Kipimo cha umeme unaovuja, maana wengi wanakosea na kuunguza mita.

Multimita kwenye ampea 10, waya mwekundu wa mita uhamie kwenye tundu la 10A. Fungua mlango wa dereva, kisha ufunge kufuli lake kwa bisibisi ili gari idhani mlango umefungwa. Funguo zikae mbali. Toa kibanio cha hasi, weka mita kati ya kichwa cha betri na kibanio. Usiwashe swichi wala kupiga stata mita ikiwa hapo, fyuzi ya ndani itaondoka. Subiri nusu saa, vifaa vilale. Chini ya miliampea 50 ni sawa. Juu ya hapo, anza kutafuta.

Usichomoe fyuzi moja moja kama unang'oa magugu. Kuchomoa na kurudisha kunaamsha vifaa na namba inaruka. Pima milivolti juu ya fyuzi ikiwa mahali pake, zile ncha mbili ndogo za juu. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Inayosoma chochote, ifuate.

#14 Tuta_Kimya

Matokeo. Ampea 0.62 baada ya nusu saa. Nimechomoa soketi ya nyuma ya Android, ikashuka hadi 0.09. Nimechomoa ETC, 0.08. Turbo taima, 0.03.

Kichwa chanya kina kipande cha bati, kweli. Nikitikisa inasoma hadi volti 0.4. Tundu la kiberiti halikuwa na umeme, fyuzi imekatika.

#15 Waya_Mwekundu

Piga hesabu. B24 ikiwa nzima ni kama saa-ampea 45. Gawa kwa 0.62, saa 72 inakauka kabisa. Stata haingoji ikauke, nusu tu inatosha kuishinda, na betri yenyewe imezoea kuzamishwa. Ndiyo siku zako 2. Ukinunua betri mpya bila kugusa waya, nayo ungeizika.

Weka 55D23L au kubwa zaidi ya saizi hiyo hiyo, herufi L (upande wa vichwa) ibaki L. Bana kiti chake. Fyuzi mpya ya ukubwa ule ule ulioandikwa kwenye kifuniko, na kabla ya kuirudisha chungulia ndani ya tundu la kiberiti. Tenganisha njano na nyekundu, kila mmoja na waya wake, maungio yalehemiwe kwa risasi au yabanwe kwa kishikizo. Tepu peke yake kwa joto la dashibodi ya Dar inayeyuka gundi na kuachia. Waya mweusi usitegemee bolti ya bano la redio lililopakwa rangi. Upeleke kwenye chuma kilichokwaruzwa kikawa wazi.

Android yenyewe ikae imara. Kwenye Legacy hii vitufe vya AC viko kwenye paneli moja na redio ya kiwandani, kwa hiyo aliyefunga amekata au ameweka fremu ya kubadilishia. Bonyeza skrini kwa kidole gari ikitembea kwenye rasta. Baadhi ya "kong kong" ni redio ya kilo moja na nusu inayoning'inia kwenye skrubu mbili.

#16 Tuta_Kimya

Na FM?

#17 Waya_Mwekundu

Antena ya gari hii imechorwa kwenye kioo cha pembeni nyuma, na ina kikuza mawimbi kinachohitaji volti 12. Redio ya kiwandani ilikilisha. Android ina waya wa bluu kwa kazi hiyo, na mafundi wengi wanaukunja na kuufunga tepu kwa kuwa hawajui wa nini. Bila umeme, kikuza kinageuka kizuizi: unapata vituo vya karibu tu. Usiuchanganye na wa bluu wenye mstari mweupe, huo ni wa kuamsha amplifaya. Washa redio, pima bluu, ikitoa 12 ipeleke kwenye mlisho wa kikuza.

Wenye BP yenye mfumo wa sauti wa McIntosh wa kiwandani muwe makini: amplifaya iko nje ya redio. Ukifunga Android kama kwenye gari ya kawaida, skrini inawaka na spika zinabaki bubu. Inahitaji ishara ya kuamshwa pamoja na sauti ya laini ndogo.

#18 NaiBoksa

Pia ingia kwenye mipangilio ya redio uangalie eneo. Ikiwa imewekwa Marekani, inaruka kwa hatua za 0.2 na inasimama kwenye namba witiri tu: 98.3, 98.5. Capital FM ya Nairobi iko 98.4, utaipata ikikwaruza pande zote mbili. Weka Ulaya.

Kwa waliobaki na redio ya Kijapani: inaishia 90, sisi tunaanza 87.5 hadi 108. Kibadilisha mawimbi kinashusha kila kituo kwa kiasi maalumu. Cha 14, 98.4 utaikuta kwenye 84.4, na kila kilicho juu ya 104 hutakipata. Soma namba kwenye kasha kabla ya kulipa. Nacho kinataka volti 12.

#19 Tuta_Kimya

Skrini imetulia, FM inashika hadi Kibaha. Umeme unaovuja sasa miliampea 35.

Upande wa chini: linki zote mbili ngumu, nilizifungua nikapita rasta, kelele ilibaki. Boljointi haichezi. Bushi za wishboni zina nyufa za juu tu. Springi ya kulia inakwama na kuruka usukani ukizungushwa. Shokapu imefunguliwa: grisi imekuwa kama udongo mkavu, raba ya vumbi imechanika, bomba halina mkwaruzo.

#20 Spana_19

Basi hauhitaji shokapu wala wishboni. Tia grisi zote mbili za mbele, si kulia tu. Maunti mbili mpya, raba za vumbi mbili. Zikiwa nje, angalia pia raba ya ndani ya ekseli upande wa kulia, ile inayokaa karibu na bomba la ekzosi la turbo. Joto linaikausha, inachanika, grisi inadondokea ekzosi na gari inanuka kama kitu kinachoungua.

Tairi kuliwa ndani: baada ya kufunga nenda alaimenti, na uombe karatasi ya kabla na baada. Kemba ya mbele inarekebishwa kwa ile bolti ya juu, too (tairi kuelekea ndani au nje kwa mbele) kwa tairodi. Too ikiwa imefunguka nje inakula ndani haraka kuliko kemba.

Usinunue tairi mbili tu. Subaru inataka tofauti ya mzunguko kati ya tairi isizidi kama mm 6. Tofauti ya mm 1 tu ya kina cha meno inakupa mm 6.3 ya mzunguko. Kwenye gia za mkono hiyo tofauti inaipika viskasi ya difu ya katikati, inayounganisha mbele na nyuma, muda wote gari ikitembea. Ikishaungua, utakata kona kali kwenye maegesho na gari itang'ang'ania kama umeshika breki, halafu utarudi hapa kuuliza suspensheni.

#21 Mzee_wa_Mikumi

Za mbele zimeliwa ndani, za nyuma nzima. Anunue nne?

#22 Spana_19

Apime kwanza, mzee. Kipima kina cha meno, sehemu tatu kwa kila tairi: ndani, katikati, nje. Kama za nyuma zimebaki karibu na upya, mbili zinatosha, za chapa na mchoro ule ule. Zikiwa zimeshuka mm 1 au zaidi, ni nne.

Na nati za maunti, Tuta_Kimya: Nm 20. Zile bolti za maunti zinazotokeza kwenye bodi zikikatika, unatoa shokapu upya.